Mchaichai wa Bisi

Mlango wa jiko letu la uani, pale Kihesa mjini Iringa, ulikuwa na bawaba inayolia. Kwa karibu miaka 6, kila alfajiri bawaba ile ilipolia ilijibiwa na mluzi mwembamba kutoka nyuma ya pipa la maji: wii, wii, wii. Huyo alikuwa Bisi, simbilisi wetu, yule mnyama mdogo wa manyoya jamii ya panya, anadai majani ya kabichi kabla hata hatujanawa nyuso. Karanga, pacha wake, alikuwa akimngoja Bisi aanze ndipo naye apokee. Asubuhi moja ya Julai 2023 bawaba ililia, halafu kukawa kimya. Nilisimama na birika mkononi. Sikuhitaji kuinama kwenye sanduku lao ili nijue.

Mtu wa kwanza niliyemwambia ni jirani tuliyepakana naye ukuta, mama mtu mzima ambaye wanangu humwita Bibi. Alikuwa anafagia uwanja. "Mama, tumefiwa na Bisi," nikamwambia. Akaegemeza ufagio, akanipa pole, kisha akasema kwa upole kabisa, "Lakini si mngemla tangu mwaka juzi, akiwa bado na nyama?"

Hakuwa na ubaya. Yeye kazaliwa Njombe, kakulia kwenye jiko ambamo simbilisi hupita chini ya vigoda wakiokota maganda, na mgeni akiingia bila taarifa mmoja wao hukamatwa. Hata watu wa milima ya Andes, kule Amerika ya Kusini, walioanza kuwafuga maelfu ya miaka iliyopita, waliwafuga kwa ajili ya nyama. Masikioni mwake ilikuwa kama nimesema nimefiwa na jogoo. Ningeyasahau maneno yale mchana uleule kama binti yangu, wakati huo ana miaka 10, asingekuwa amesimama nyuma yangu mlangoni.

Siku ile hakula. Jioni akaniuliza, "Mama, kumbe tunalilia mboga?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile ndilo lililonisukuma nitafute namna ya kumkumbuka Bisi ambayo mtoto hataionea haya. Tulijaribu mengi. Mengine yamepotea, mengine yamebaki, na yaliyobaki si yale niliyoyategemea.

Bisi na Karanga tuliwanunua sokoni Desemba 2017. Kijana mmoja alikuwa na tenga, nami mtu wa Tanga nikadhani kabeba vitoto vya paka. Binti yangu, miaka 4, akaingiza mkono ndani na hakutaka kuutoa. Majina yalikuja wiki ileile. Simbilisi mchanga akifurahi huruka juu ghafla, miguu yote kwa pamoja, kama punje ya mahindi kwenye sufuria yenye moto; yule wa kahawia na nyeupe aliruka kupita kiasi, akawa Bisi. Dada yake mtulivu, mwekundu wa maganda, akawa Karanga.

Niliyekuwa sijui lolote nikajifunza. Mwili wa simbilisi, kama wetu sisi, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo majani mabichi kwake si anasa. Akiyakosa kwa wiki kadhaa viungo vinamuuma na fizi zinatoka damu. Meno yake hayaachi kukua, ndiyo maana hutafuna kutwa. Mama mmoja anayeuza kabichi sokoni akawa anatuwekea yale majani ya nje ambayo watu huyabandua na kuyatupa. Binti yangu alipopita, kabla ya salamu nyingine yoyote, aliulizwa, "Watoto wako hawajambo?"

Kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Mnyama ambaye kila mwenye meno anamtamani huficha ugonjwa wake. Bisi alikonda pengine mwezi mzima chini ya manyoya mazito, anapiga mluzi vilevile, nami namwona mzima. Nilipomshika ubavuni nikakuta mbavu. Mtaalamu wa mifugo tuliyempelekea alimpapasa taratibu, akamtazama meno, akatwambia ukweli: simbilisi huishi miaka 5 hadi 8, huyu anakaribia 6, mpeni vitu laini na mkae naye. Tulimsagia karoti tukamlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Alikaa nasi siku 9. Kama ningekuwa nampima uzito ningejua mapema, labda angeishi zaidi, labda asingeishi, lakini asingehangaika na chakula kigumu peke yake huku sisi tunacheka naye. Sasa Karanga hupimwa kila Ijumaa kwenye mizani ya jikoni, na namba naandika kwa penseli kwenye fremu ya mlango.

Asubuhi ile ya kifo tulifanya mambo mawili ambayo sijutii. La kwanza, tulimlaza Bisi kwenye sanduku karibu na Karanga kabla ya kumzika. Mfugaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba mwenzake asipomwona ataendelea kumtafuta. Karanga alimnusa puani, akamzunguka, akaketi ubavuni kwake kama robo saa, kisha akaondoka mwenyewe. Wiki iliyofuata hakula vizuri, akawa anakaa ile pembe aliyokuwa akilala Bisi. Simbilisi si mnyama wa kuishi peke yake, basi kabla mwezi haujaisha tukamtafutia mwenzake mdogo, jike, na nyumba ikapata mluzi tena. Binti yangu hakumpenda yule mgeni kwa miezi. Sikumlazimisha.

La pili ni nyayo. Baba yao alikuwa na kidau cha wino wa muhuri. Kabla mwili haujakauka, na hukauka baada ya saa chache tu, tuligusisha miguu ya Bisi kwenye wino ule tukaigandamiza kwenye karatasi nyeupe. Mguu wa mbele ukatoa vidole 4. Wa nyuma ukatoa vidole 3. Binti yangu akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Miaka yote ile amembeba, amemchana manyoya, amemlisha, na hakuwahi kuona kwamba nyuma ana vidole pungufu. "Kumbe nilikuwa simjui vizuri," akasema, na ndipo alipolia kweli, kilio kile cha kutoa sauti. Mimi niliona hicho kilikuwa kilio cha afya. Alikuwa anamlilia Bisi mwenyewe, yule mwenye vidole vitatu.

Kazi yangu ni ushonaji, vipande vya nguo havinikosi. Akachagua kipande cha kanga ya korosho kilichobaki nilipomshonea gauni, tukamfunga. Nilitaka kumtia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, nikiamini namhifadhi. Bibi jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Humo ardhi itampataje?" Nikaiacha ndoo.

Udongo mwekundu wa Iringa mwezi wa Julai ni tofali. Baba yao alichimba mpaka shimo likafika kwenye kiwiko, mikono ikatoka malengelenge, tukasema panatosha. Hapakutosha. Saa nane usiku tukasikia kucha zinaparua uani. Alitoka na tochi akamfukuza mbwa, na alipomulika akaona pindo la kanga. Mtoto alikuwa amelala, namshukuru Mungu kwa usingizi ule. Tulikaa tukilinda mpaka adhana ya alfajiri, na kulipoanza kupambazuka Bibi akaingia na jembe lake begani, bila kuitwa. Alikuwa amesikia. Wakachimba kwa zamu mpaka mkono mzima ukaingia, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Kisha akaenda kwake akarudi na kipande cha jiwe la kusagia lililovunjika zamani, akalilaza bapa juu ya udongo. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Simbilisi nimechinja wengi mno," akasema. "Kuzika, huyu ni wa kwanza."

Basi anayetaka kuzika kipenzi chake uani achukue hilo: nguo au katoni, si plastiki, mbali na kisima, mkono mzima kwenda chini, na jiwe zito juu. Na kama umepanga, mwambie mwenye nyumba. Sisi tulimwambia, akacheka, akaruhusu.

Binti yangu alikuwa amemuuliza baba yake kama tutamswalia. Akajibiwa kwamba sala ya maiti ni ya binadamu, simbilisi hana dhambi ya kuombewa msamaha. Nikaona uso wake unaanguka. Baba yake naye akauona, akakaa chini kwenye kizingiti akamwuliza kama anajua nani alimfundisha mwanadamu kuzika. Kabili alipomuua nduguye hakujua aifanye nini maiti, mpaka Mwenyezi Mungu akamleta kunguru anayefukua ardhi, amwonyeshe jinsi ya kumsitiri ndugu yake. Imo katika Suratul Maida, aya ya 31. "Basi kusitiri tumefundishwa na ndege," akamwambia, "na sisi Bisi tumemsitiri." Siku kadhaa baadaye nilimkuta amekaa anawatazama kunguru wa juu ya bati, wale wenye kifua cheupe, ambao kabla ya hapo alikuwa akiwarushia mawe.

Ijumaa Babu akapiga simu kutoka Tanga. Ni baba yangu mzazi, amesomesha watoto Kurani barazani kwake maisha yake yote. Habari nilikwisha mpa, na nilimwomba asimguse mtoto kidonda. Hakunisikiliza. Alisema mpe simu mjukuu wangu, na sauti yake ikatoka kubwa kwenye spika: "Ewe Ummu Bisi! Bisi amefanya nini?"

Nilikasirika. Mtoto alikaa kimya, mdomo unatetemeka, kisha akaanza. Alimweleza Babu kuhusu karoti ya kusaga, kuhusu vidole 3, kuhusu Karanga kukaa pembeni. Alimweleza mambo ambayo mimi, niliyekuwa naye nyumba moja, sikuwa nimeyasikia: kwamba usiku wa mwisho alinyata akaenda kumfunika na soksi yake. Babu alikuwa anauliza tu. Alikuwa na rangi gani tumboni? Alipenda jani gani? Nani alimkimbilia kwanza, wewe au nduguyo? Nusu saa. Jioni ile mtoto alikula wali sahani mbili.

Baadaye nikampigia Babu nimwombe radhi kwa hasira zangu za moyoni. Akanikumbusha hadithi niliyoisoma kwake utotoni nikaipita kama ya kuchekesha watoto. Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake, Abu Umair, aliyekuwa na kindege kidogo mfano wa shomoro. Kindege kikafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkuta mtoto ana huzuni, akamwuliza: "Ewe Abu Umair, amefanya nini Nughair?" Imo katika Bukhari na Muslim. Kiongozi wa umma, na mambo yote aliyokuwa nayo mabegani, alisimama kwa mtoto akamwuliza habari za kindege, tena kwa jina, na mtoto mwenyewe akamwita kwa lakabu ya mtu mzima. Babu akasema yuko mwanachuoni wa zamani, Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliyekaa akatoa mafunzo zaidi ya 60 kutoka katika maneno yale machache. "Mimi najua moja tu," akasema. "Aulizwe."

Nimefikiri sana juu ya neno lile. Sisi wakubwa, mtoto akifiwa na mnyama wake, tunakimbilia kunyamaza, au kununua mwingine, au kusema alikuwa panya tu. Tunadhani jina likitajwa litamuumiza. Kumbe kinachomuumiza ni nyumba nzima kuacha kulitaja, kama vile hakukuwa na kitu. Tangu siku ile niliwaomba watu wetu wa karibu: mkimwona, muulizeni. Mama wa kabichi hakuhitaji kuombwa. Binti yangu alipokwenda sokoni kumpa habari, aliambiwa akae kwenye gunia, akaulizwa yote tangu mwanzo, wateja wakangoja. Majani ya nje aliendelea kutuwekea, sasa ya Karanga.

Lile swali la mboga lilikuwa bado limekaa. Nilikuja kupata jibu lake kwa kusoma usiku kwenye simu, nguo za watu zikiningoja kwenye cherehani. Huko Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, mtafiti wa Poland, Marta Osypińska, na wenzake walifukua makaburi ya wanyama ya miaka kama 1,900 iliyopita. Mwaka 2021 walitangaza kwamba wamehesabu wanyama 585, wengi sana wakiwa paka, na mbwa, na hata nyani wadogo walioletwa kutoka India. Hawakuwa sadaka wala mabaki ya karamu. Wamelazwa mmojammoja kama waliolala, baadhi wamefunikwa nguo au kigae cha mtungi, wengine na ushanga shingoni. Wamo waliokuwa wazee, meno yamekwisha, maana yake kuna mtu aliyekuwa akiwalainishia chakula. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Karoti ya kusaga.

Nilimsomea binti yangu asubuhi yake. Nikamwambia Berenike ni mojawapo ya bandari zilikotoka meli za kuja pwani yetu. Kitabu cha safari za bahari cha zama zile, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinaanza na bandari za Misri na kushuka hadi bandari ya Rhapta, upande huu wetu. Nikamwambia pia alivyoandika Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, kuhusu Wamisri, kwamba paka akifa nyumbani kwa kifo chake mwenyewe, wote wa nyumba ile hunyoa nyusi. Hilo alilielewa upesi kuliko yote, kwa sababu kwa marehemu bibi mzaa baba yake aliwaona watu wakinyolewa kwenye matanga. "Basi si sisi tu," akasema. Akarudi kuchora.

Alihesabu siku. Sikujua anahesabu mpaka alipokuja kuniambia kesho ni arobaini. Nilijua nikisema arobaini ni ya watu nitarudi palepale. Nikamuuliza Babu, akasema hakuna khitma ya simbilisi, lakini kulisha watoto ni sadaka siku yoyote na hakuna atakayekukataza. Tukawasha jiko la mkaa uani, tukakaanga bisi. Kwenye kisado cha mahindi ya bisi hakikubaki kitu. Binti yangu aligawa kwa vikombe kwa watoto wa mtaa, na kila mtoto kabla hajapewa aliambiwa kwa nini bisi na kwa nini leo. Wengi walikuwa wanamfahamu. Mmoja alisimulia Bisi alivyomkojolea mapajani. Watoto walikaa mpaka magharibi wakizungumza habari zake kwa midomo iliyojaa, na Bibi alikuja na kiti chake akasikiliza, hakusema kitu.

Picha ndizo nilizozitegemea zaidi, nazo ndizo zilizoniponyoka. Nilikuwa nazo nyingi, na video, na mluzi wake nilioukamata alfajiri moja wa sekunde kama 20. Novemba mwaka uleule simu yangu iliibwa kwenye basi. Sikuwa nimehifadhi mahali pengine. Picha pekee iliyobaki ni ile niliyokuwa nimeisafisha studio kwa ajili ya kuijaza kwenye fremu ya bei rahisi, na hata hiyo si nzuri: mkono wa mtoto unaonekana vizuri kuliko sikio la Bisi. Sasa naitazama mara nyingi kuliko nilivyowahi kuzitazama zile zote za kwenye simu. Sauti haikurudi. Iko kinywani mwa binti yangu tu, anaweza kuipiga, na akiipiga Karanga huinua kichwa. Kama una sauti ya kiumbe chako, mpelekee mtu mwingine leo, usingoje. Nywele tulizokata na karatasi ya nyayo zimo kwenye bahasha ndani ya kabati la vyombo, nazo ziko salama, lakini hatuzifungui sana.

Kaburi tulipanda mchaichai. Bisi alikuwa akipenda vile vincha vyake laini, na mimi nilitaka kitu kinachomea bila kudai. Tuliumwagilia maji ya kuoshea mboga, mvua za Desemba zikaukuta umeshika, na mwaka uliofuata ukawa kichaka cha kukumbatia. Chai ya nyumbani kwetu ikawa inanukia hapo. Hakuna aliyepanga tuite chai ya Bisi, ilitokea.

Januari 2025 mwenye nyumba akaja kutuarifu kwamba ua wote anamwaga zege, anajenga fremu za maduka upande wa barabarani. Alikuwa na haki yake na alitupa muda wa kutosha. Binti yangu akataka tumfukue Bisi twende naye Mlandege, tulikopata nyumba nyingine. Nilikataa, na nilimweleza wazi kwa nini: mwaka na nusu umepita, kilichomo humo ni vifupa vidogo na nyuzi za kanga, na mkono wa mtoto haufai kupekua hapo. Alinuna. Nami nilijilaumu kwamba sikufikiria tangu mwanzo. Tuliopanga tunazika kwenye ardhi ya mtu. Ningejua, ningemzika kwenye pipa kuukuu lililojaa udongo, lenye mti wake, tukaondoka nalo.

Baba yao ndiye aliyekumbuka kwamba mchaichai hugawanyika. Ukiuchimbua kichaka kimoja unapata mashina ya kupanda sehemu kumi. Aliung'oa siku moja kabla ya mafundi, mizizi ikatoka imeshikilia bonge la udongo mwekundu wa pale chini, tukaupasua kwa panga. Shina moja tukalipanda kwenye debe tukahama nalo. Moja tukalifunga gunia lenye maji, likapanda basi la Tanga, na Babu akalipanda karibu na baraza anaposomeshea. Jingine Bibi aliliomba mwenyewe, na akaomba pia jiwe lake. Nilifikiri anataka kusagia kitu. Alipanda mchaichai nyuma ya jiko lake akaliweka jiwe pembeni.

La kwenye debe halikustawi sana, kivuli ni kingi Mlandege, lakini linatosha birika. La Tanga Babu anasema linaota kwa fujo.

Desemba iliyopita tulikwenda Kihesa kumsalimia Bibi. Pale palipokuwa na ua wetu pana duka la vifaa vya ujenzi na zege safi mpaka ukutani. Kwake kulikuwa na wajukuu waliokuja likizo kutoka Dar es Salaam, watoto wadogo ambao nilipohama walikuwa hawajawahi kufika. Bibi akaweka maji jikoni, akatupa vigoda, tukaulizana habari za baridi na za wagonjwa. Maji yalipoanza kuimba akageuka akamwita mmoja wao bila hata kunyanyua macho. "Wewe, chukua kisu ukakate Bisi. Chai inachemka."

Binti yangu akanitazama. Mtoto alikwishatoka mbio. Mvua ilikuwa imepita muda mfupi tu, na aliporudi alikuwa na majani matatu marefu mkononi, yanamdondokea maji miguuni. "Bibi," akauliza, "Bisi tatu zinatosha?"